Gari Aliloacha Loai

Teksi ilimteremsha Khole mbele ya magereji ya Wadi Kabir jua likiwa limeshajificha nyuma ya majabali, lakini joto bado lilikuwa likipanda kutoka kwenye lami. Ilikuwa Alhamisi, na kila mtu alikuwa na haraka ya kufunga. Mafundi walikuwa wakinawa mikono kwenye ndoo za maji ya sabuni. Mashine ya kukatia chuma ikalia mara ya mwisho, ikanyamaza. Mtaa mzima ukanuka rangi na mpira ulioungua.

Khole alikuwa ametua kutoka Doha mchana huo. Alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mbele ya wagonjwa wake, ila akishika usukani upole ule humtoka. Kila alipokuja Maskati kumtazama mama yake mdogo, Bi Masouda, alijiahidi jambo lile lile: safari hii nakodi gari la mbio, lile la kukaa chini na kunguruma, niende nalo Yiti na Qurayyat wikiendi nzima, kisha nirudi kwenye meno ya watu. Mara zote aliishia kuazima gari la jamaa. Safari hii alishaweka nafasi mapema. Gari jeupe, akaliona hata picha yake.

Ofisi ya kukodisha ilikuwa chumba kimoja cha vioo. Mwenyewe aliitwa Bader, mwanamume aliyekaribia umri wa Khole, kanzu imenyooka, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Walizungumza Kiarabu mpaka simu ya Khole ilipolia.

"Nishafika Wadi Kabir, mama mdogo," Khole akasema. "Nachukua gari, nakuja zangu. Mwambie Fajr nnamletea zile chokoleti zake."

Aliposhusha simu, Bader alikuwa akimtazama.

"Kumbe wa kwetu," akasema kwa Kiswahili. "Mamangu mie kazaliwa Pemba. Unakwenda wapi na gari, dada?"

"Al Amerat. Kwa mama yangu mdogo."

"Na huyo Fajr ni bintiye? Fajr bint Nasr?"

Khole akaitikia. Hakuona ajabu. Watu wa kwetu hawawezi kukutana bila kutafutana ukoo.

Bader alikuwa ameshashika ufunguo wa gari jeupe. Akautazama. Akauning'iniza tena ukutani, akavuta mtoto wa meza, akatoa ufunguo mwengine.

"Lile jeupe breki zake sizipendi," akasema. "Ntakupa jengine. Zuri kuliko lile."

Lilikuwa zuri kweli. Rangi ya buluu iliyokoza mpaka inakaribia weusi, milango miwili, mgongo umeinama nyuma kama paka anayetaka kuruka. Nyuma kulikuwa na kiti chembamba cha kukaa watoto. Khole alizunguka mara moja tu, akawa ameshalipenda. Alipokuwa akiingia, Bader aliinama dirishani.

"Kengele ya mkanda, upande wa abiria, hulia baadhi ya wakati," akasema. "Usishituke. Ufunge mkanda tu. Itanyamaza."

"Hata kama hakuna mtu?"

Bader alikuwa akitazama kiti kile, si yeye.

"Ufunge tu, dada."

*

Barabara ya kwenda Al Amerat hupita katikati ya majabali, pale Wadi Adai, na kwa mwenye kupenda gari hakuna raha kama ile. Kona huja moja baada ya moja. Khole alishusha kioo, akaliachia. Gari likanguruma, majabali yakaurudisha mngurumo ule, na yeye akacheka peke yake kama mtoto.

Adhana ya magharibi ilianza kusikika kutoka msikiti wa chini.

Na kengele ikaanza.

Ting... ting... ting.

Kwenye dashibodi kilitokea kipicha chekundu cha mtu aliyekaa. Khole akatazama kiti cha pembeni. Kitupu. Hata mkoba wake aliuweka nyuma. Aliacha ilie kidogo, akidhani itachoka. Haikuchoka. Iliongeza haraka, kama mtu anayegonga mlango na anayejua kuwa umo ndani. Mwisho akanyoosha mkono, akavuta mkanda, akauchomeka.

Kimya.

Alikwenda kitambo. Kisha gari lililokuja mbele likamulika ndani, na Khole akauona mkanda.

Haukulala kwenye kiti.

Ulikaa mbali na mgongo wa kiti, umepinda, kama unavyopinda juu ya kifua cha mtu. Khole akaangalia barabara. Akaangalia tena. Mkanda ulipanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda...

Hapo ndipo ilipomjia harufu. Karafuu maiti. Nyuma yake udongo, udongo mbichi uliotiwa maji.

Alipandisha kioo, akakishusha, asijue afanye lipi. Akasoma Kulhuwallahu, akaikosea, akaanza upya. Skrini ya gari ikawaka yenyewe, maandishi ya Kiarabu yakatokea: simu ya Loai imeunganishwa.

Simu yake Khole haikuwa na jina hilo. Akajiambia ni simu ya mteja wa zamani, gari limeikumbuka tu. Alijiambia hivyo mpaka akafika kwa Bi Masouda, huku akijua kwamba simu haiungani na gari mpaka iwe karibu. Karibu sana.

*

Hakuwahi kupiga honi. Fajr alikuwa ameshasimama nje ya geti, miguu mitupu, mtandio umemwangukia mabegani. Binti huyu alikuwa akifanya kazi wizarani. Aliondoka asubuhi, akarudi mchana, akajifungia chumbani. Wachumba walikuja, akawakataa mmoja mmoja. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwona akikimbia, lakini jioni ile alikimbia. Hakumwendea Khole. Alikwenda upande wa pili, akafungua mlango, akachomoa mkanda taratibu, kama mtu anayemteremsha mgonjwa.

"Ingia ndani, Fajr," Bi Masouda akasema kutoka kizingitini. Kisha akamshika Khole kiwiko, akampeleka jikoni, akafunga mlango. "Gari hii umeitoa wapi?"

"Nimeikodi. Kwani ina nini?"

"Hii gari ya Loai."

Khole akakaa. Loai alimjua kwa picha za milka tu, ile siku Fajr alipofungishwa naye ndoa. Harusi ilikuwa bado. Yeye alikuwa Doha, na msiba ulipokuja hakuwahi hata mazishi.

"Alikwenda nayo Qurayyat siku ya Ijumaa, mzima kama weye," Bi Masouda akasema kwa sauti ya chini. "Karudi magharibi anatetemeka. Alfajiri kafa. Hana homa, hana jeraha. Wakamzika kabla ya adhuhuri. Waliomuosha ndio walioleta maneno. Walisema maiti mwepesi... mwepesi kama gogo la mtende lililokauka."

"Maneno gani?"

"Waarabu wa huku wanasema mughayyab. Aliyefichwa. Kuwa wachawi wamemchukua hai, na kilichozikwa ni sura tu. Kwetu tungesema msukule. Arubaini haijesha, mtu akasema kamwona njia ya Qurayyat, nywele zimemfunika uso, jembe begani. Mamake akaiuza gari. Na huyu wangu, eda kaimaliza, lakini kukaa eda hajaacha."

"Na weye unaamini, mama mdogo?"

Bi Masouda alifuta meza iliyokuwa safi.

"Mie siamini," akasema. "Lakini sitaki kuaminishwa. Irejeshe."

Khole akampigia Bader simu. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Ofisi ile haifunguliwi tena mpaka Jumamosi. Usiku ule gari lililala nje, mbele ya geti, na Khole akalala na taa.

*

Asubuhi ya Ijumaa lilikuwa gari tu. Jua linang'aa juu ya bodi, paka wa jirani kalala chini yake. Khole alifungua milango yote miwili, akanusa. Ngozi na plastiki, basi. Akajionea haya. Mwanamke msomi, anaogopa kengele.

Baada ya sala ya Ijumaa, Bi Masouda alipokwenda kujilaza, Fajr alimjia. Alikuwa amevaa baibui zuri na kutia wanja.

"Nitoe, dada Khole," akasema. "Siku moja tu. Tufike Qurayyat, turudi. Kesho unairejesha, na mie sitoiona tena."

"Mamako hataki."

"Mama hataki nilie. Sitolia."

Khole alitazama uso ule mkavu, uliokonda. Akaona kumnyima ni ukatili. Na tusimsingizie wema mtupu: gari lenyewe alikuwa bado analitamani. Akachukua ufunguo.

"Tutarudi kabla ya magharibi," akasema.

"Inshallah."

Njia ilikuwa nyeupe, magari machache. Khole akalichapa. Mwanzo Fajr alikaa mikono mapajani, kisha kona ya kwanza kubwa ikaja, gari likaishika kama limefungwa kwa kamba, na Fajr akacheka. Kicheko kile kilimtoka kwa shida, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Akacheka tena. Walisimama kwa muuza mishkaki wa njiani, wakala wamesimama, ukwaju ukawachuruzika vidoleni. Fajr akamhadithia jinsi Loai alivyokuwa akiliosha gari hili kila Alhamisi, hataki mtu amsaidie, na jinsi alivyomwahidi kumfundisha kuendesha. Jina la marehemu lilimtoka bila kukwama. Khole akasema moyoni, alhamdulillah, hii ndiyo dawa yenyewe.

Lakini kurudi kukawa kuzito. Fajr alitaka kuswali alasiri msikiti ule, si huu. Akataka kukaa ufukweni kidogo. Akaingia dukani, akachukua muda, akatoka na chupa moja kubwa ya maji, akaiweka kiti cha nyuma.

"Ya nani?" Khole akauliza.

"Ya njiani."

Walipotoka Qurayyat jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Khole alikanyaga mafuta, lakini jua halishindiki. Waliingia katikati ya majabali, vivuli vikaungana, taa za gari zikajiwasha zenyewe.

Fajr aliuweka sawa mtandio wake. Alikaa kama anayesubiri jina lake liitwe.

Ting...

Khole akatazama mkanda wake. Umefungwa. Akatazama wa Fajr. Umefungwa.

Ting... ting...

Kipicha chekundu hakikuwa mahali pa jana. Kilikuwa kiti cha nyuma.

"Usigeuke, dada," Fajr akanong'ona.

Harufu ikaja. Mara hii haikuja kidogo kidogo. Karafuu maiti ilijaa gari zima, mpaka macho yakamwasha. Skrini ikawaka. Simu ya Loai imeunganishwa.

Na huko nyuma, chupa ya maji ikalia. Kra... kra... Plastiki inayobanwa na mkono.

Khole alikuwa ameapa kutotazama kioo. Akatazama. Aliona nywele, nyingi, ndefu, zimegandana kwa udongo. Uso hakuuona. Aliona kidevu, na mdomo uliopasukapasuka, na vidole viwili vikizunguka juu ya kifuniko cha chupa, vikiteleza, vikirudi, vikiteleza.

Sauti haikutoka nyuma. Ilitoka kwenye spika za gari, kama mtu anayepiga simu kutoka mahali penye upepo.

"Fajr."

"Labeka," Fajr akaitika.

"Nna kiu."

"Nimekuletea maji."

"Sina nguvu ya kufungua."

Fajr akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Nipe nikufungulie."

Khole akaudaka mkono ule kwa mkono mmoja, mwengine kwenye usukani. Ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko.

"Usimpe mkono," akasema. "Fajr, wallahi usimpe mkono."

"Ni mume wangu."

"Mumeo kafa."

Kwenye spika upepo ulivuma. Kwa mbali, ndani ya upepo ule, kulikuwa na mlio mwengine. Dug... dug... dug... Majembe mengi, yakipiga ardhi kavu kwa pamoja.

"Wananiita," ile sauti ikasema. "Nikichelewa wananipiga."

Fajr akauvuta mkono wake ajinasue. Sauti ikaendelea, ya upole, ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Mbele kuna njia ya vumbi, mkono wa kulia. Dada Khole, simama hapo. Fajr ateremke nami. Akinishika mkono mke wangu, hawaniwezi tena. Kisha tutarudi nyumbani."

Khole hakuwa amemtajia jina lake.

Njia ya vumbi ikaonekana. Ilishuka bondeni, kwenye mitende. Taa za gari zikapita juu yake, na Khole akawaona watu. Walisimama kando ya njia, wanaume na wanawake, nywele zimewafika viunoni, majembe mabegani. Wote walikuwa wameipa barabara mgongo. Hakuna aliyegeuka. Katikati yao palikuwa na nafasi wazi ya kusimama mtu.

Nafasi haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya watu wawili.

Hivyo ndivyo alivyoiona, na baadaye kila alipoulizwa alisema hivyo hivyo, ingawa gari lilikuwa likienda mbio na kiza kilikuwa kimeshaingia. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kuliachia gari. Akaukandamiza chini.

Fajr alirukia mlango. Khole alikuwa ameshaufunga kwa kitufe. Fajr akaukwaruza kwa kucha, hakusema neno, akakwaruza tu. Gari likayumba, likarudi. Njia ya vumbi ikapita kuliani, ikabaki nyuma.

Khole alingoja ukelele. Alingoja kupigwa, kukabwa, alingoja kufa.

Sauti ilisema tu, "Haya."

Kisha, kwenye spika, kitu kikapiga nyama. Mara moja. Mara ya pili. Mtu akavuta pumzi kwa meno. Ikapigwa tena... na skrini ikazima.

Kengele kimya. Harufu imekwisha.

Taa za Al Amerat zikaonekana. Fajr alikuwa ameegemea kioo, kucha zake zinatoka damu.

"Umemwacha," akasema.

"Fajr, uliwaona wale?"

"Mie sikuona mtu." Akageuza uso. "Alikuwa na kiu tu, dada."

Walipofika, Khole alitazama kiti cha nyuma kwa tochi ya simu. Chupa ilikuwa sakafuni, imebinywa mpaka imekuwa nyembamba kama fimbo. Kifuniko hakijafunguliwa. Maji hayakuwamo.

*

Jumamosi asubuhi alilirudisha gari peke yake. Bader alikuwa nje, ameketi kwenye kizingiti cha ofisi. Alipomwona Khole peke yake, alitazama nyuma ya bega lake, akatazama ndani ya gari, kisha akainama.

"Breki za gari jeupe ni nzima," Khole akasema.

"Nzima."

"Ulinipa hili kwa makusudi."

Bader hakukana. Alisema Loai alikuwa rafiki yake tangu skuli. Gari alilinunua kwa mama yake Loai ili lisiende mbali. Kila aliyelikodi alilirudisha kabla ya siku zake, na wote walisimulia kengele na harufu. Yeye mwenyewe alilipeleka Al Amerat mara nyingi wakati wa magharibi, akasimama mbele ya nyumba ya Bi Masouda, lakini kila alipofika kengele ilinyamaza na kiti kikawa kitupu. Akaenda kuuliza watu wanaojua mambo haya, huko bara, nyuma ya majabali. Wakamwambia aliyefichwa hawezi kubisha hodi mwenyewe. Lazima aletwe na mtu wa nyumba ile.

"Nikakusikia unamtaja Fajr," akasema. "Nikasema, Mungu kaleta."

"Waliokwambia walisema nini zaidi?"

"Kuwa mkewe akimshika mkono, atarudi."

"Na hao wanaomshikilia? Watamwachia bure?"

Bader akatazama kiti cha abiria. Khole akautoa ufunguo mkobani.

"Hilo sikuuliza," Bader akasema.

Khole akamwekea ufunguo juu ya kizingiti, akaenda kutafuta teksi. Jioni alipanda ndege. Fajr hakutoka chumbani kumuaga.

*

Doha ilimpokea na kazi zake. Alijaza meno, aling'oa meno. Kila Ijumaa alimpigia Bi Masouda, naye alisema Fajr hajambo, anakula, anakwenda kazini. Khole akaanza kulala na taa imezimwa. Mara nyingine alijiuliza kama kweli aliona watu au aliona miti ya mitende iliyokatwa vichwa. Siku alipoamini kuwa ni miti, lile neno "haya" lilimjia sikioni, na hakuweza kula.

Simu ya Bi Masouda ilikuja mwezi wa Ramadhani, muda mfupi baada ya kufuturu. Alikuwa akinong'ona.

"Fajr kaleta mtu."

"Mtu gani, mama mdogo?"

"Ijumaa iliyopita alichukua teksi, hakuniambia anakwenda wapi. Kaja baada ya magharibi kamshika mkono. Mwanamume. Nywele mpaka kiunoni. Tumemnyoa, tumemuosha. Yumo majlisi, kakaa."

Khole akaweka kikombe chini.

"Ni yeye?"

"Yule rafiki yake wa magari kaja, kamtazama, kalia kama mtoto, kasema ndiye. Mamake kaja, kamtazama, kasema si mwanangu, kaenda zake na mpaka leo hajainuka kitandani." Bi Masouda akazidi kushusha sauti. "Mie sijui. Sura ni ya Loai. Nampa chakula, anakula. Anakula usiku na mchana, Mungu anisamehe, mwezi huu. Na Fajr hatumii tena mkono wake wa kulia. Anasema haumuumi. Umekuwa mwepesi tu."

"Mama mdogo, toka humo ndani. Nenda kwa—"

"Hazungumzi," Bi Masouda akaendelea, kama hakusikia. "Tangu kuja, neno moja halijamtoka. Ila leo. Wakati wa adhana kageuka kanitazama, kaniuliza: dada aliyekuwa akiendesha, atakuja lini?"

Simu ikakatika. Khole alipiga, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Akampigia Bader, imezimwa.

Likizo ya Idi alikuwa ameshaiomba. Tiketi alikuwa hajainunua. Alikaa sebuleni na kompyuta mapajani, ukurasa wa ndege umefunguka mbele yake. Kule Al Amerat, ndani ya nyumba ile, mlikuwa na mama yake mdogo, mwanamke mzee, na binti aliyemhesabu kama mdogo wake. Kutokwenda ni kuwaacha. Na aliyewahi kumwacha mtu njiani anajua uzito wake.

Simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Fajr, wa kwanza tangu siku ile.

"Njoo tu, dada Khole. Amesema hana kinyongo nawe."

Khole aliusoma mara kadhaa. Kisha akausoma muda ulioandikwa chini yake: wa adhana ya magharibi, kabla mama yake mdogo hajapiga simu. Akainuka, akaenda kuangalia kama mlango wake ameufunga.